Mkono wa kushoto hauna kesi

Barua za safari hii karibu zote ni za mashoto, au za watu wanaotaka kuwaponya mashoto. Wote mnaouliza dawa ya kumgeuza mtoto someni jibu la kwanza, msiniandikie tena.

Mwanangu ana miaka minne, anashika kijiko na penseli kwa kushoto. Bibi yake humfunga kitambaa mkono huo wakati wa kula ili azoee kulia. Ni sawa? (Mama, Igoma)

Si sawa, mama. Mfungue.

Mkono hauchaguliwi mezani. Kwenye ultrasound mtoto huonekana akinyonya dole gumba tangu wiki ya 15 hivi ya mimba. Watafiti wa Belfast, Ireland Kaskazini, waliwafuatilia watoto 75 waliopigwa picha hizo tumboni, wakawapima tena wakiwa na miaka 10 hadi 12. Wale 60 walionyonya gumba la kulia wote walikuwa watu wa kulia. Kati ya 15 walionyonya la kushoto, 10 walikuwa mashoto. Bibi anashindana na jambo lililoanza kabla hajapewa mjukuu ampakate.

Ukimlazimisha ataandika kwa kulia, ndiyo. Wengi wa rika la babu zetu walijifunza hivyo kwa fimbo. Lakini picha za ubongo za watu wazima waliogeuzwa utotoni zinaonyesha kuwa wakiandika kwa mkono wa kulia, nusu ya kulia ya ubongo, ile inayouongoza mkono wa kushoto, bado inashiriki kupanga kazi. Mkono umehamishwa, mpangaji wake yuko palepale. Ila msimtishe bibi kwa habari za kigugumizi. Haijathibitika kwamba kinaletwa na kugeuzwa mkono.

Najua kinachomsumbua bibi ni adabu. Lugha yetu yenyewe imeupa mkono mmoja kazi ya kula na jina la kuume, wa pili ukaitwa wa kike na kupelekwa chooni. Malawi mwaka 2006 walipohoji watu, watatu kati ya wanne walisema mkono wa kushoto usitumike kwa shughuli za kawaida. Basi tenganisheni mambo. Kusalimia, kupokea kitu kwa mkubwa, kumega ugali kwenye sinia la pamoja: mfundisheni kwa kulia, ni vitendo vifupi visivyotaka ustadi. Penseli, mkasi, sindano na kisu mwachieni mkono wake.

Mimi na mume wangu tunatumia kulia. Mtoto mashoto katoka wapi? Mume ananiangalia vibaya. (Nyegezi)

Katoka kwenu. Wazazi wote wawili wakiwa wa kulia, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huwa mashoto. Wote wawili wakiwa mashoto, ni mmoja kati ya wanne tu. Hata mapacha wa kufanana, katika jozi moja kati ya tano hivi kila mmoja ana mkono wake. Shemeji atafute ugomvi mwingine.

Mashoto wana akili zaidi? Na ni kweli wanakufa mapema? (Wasomaji kadhaa)

Hapana, na hapana.

La pili lilivuma mwaka 1991 kutoka Marekani, eti mashoto wanatangulia kaburini kwa miaka tisa. Walilinganisha wastani wa umri wa waliokufa. Wazee wa wakati ule walikuwa wamegeuzwa mikono shuleni, kwa hiyo waliohesabiwa kuwa mashoto wengi walikuwa vijana, na kijana akifa anakufa kijana. Kwa hesabu hiyohiyo, linganisha marehemu waliokuwa na simu janja na wasiokuwa nazo, utasema simu inaua.

Nimeona kozi ya kuamsha ubongo wa kulia kwa kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto siku 21. Ada laki moja na nusu. Inasaidia ubunifu? (Kijana, Mabatini)

Utakuwa hodari wa kupiga mswaki kwa kushoto. Baki na hela yako.

Mwaka 2013 watafiti wa Utah, Marekani, walichambua picha za ubongo za watu 1,011. Hawakuona watu wa "ubongo wa kulia" na wengine wa "ubongo wa kushoto". Kazi moja moja ndizo zenye upande: lugha kwa wengi imeegemea kushoto, kuzingatia kilicho wapi kumeegemea kulia. Nusu hizo mbili zimeunganishwa na nyuzi za neva kama milioni 200, zinapashana habari muda wote. Wauza kozi hupenda kumtaja Roger Sperry, mtafiti wa ubongo aliyepata Nobel mwaka 1981. Hawasemi kwamba wagonjwa wake walikuwa wamekatwa nyuzi hizo ili kutuliza kifafa. Zako hazijakatwa, kijana.

Nina darasa la kwanza, madawati ya kukaa watatu. Mashoto wangu anaandika amepinda mkono kama ndoano na daftari limechafuka. Nifanyeje? (Mwalimu, Sengerema)

Kwanza, mwalimu, una hakika ni mmoja? Hesabu iliyojumlisha watu zaidi ya milioni mbili mwaka 2020 ilipata mashoto 10.6 kwa kila 100. Darasa la watoto 80 lingekuwa na nane hivi. Wengine huenda wamekufikia wakiwa wamegeuzwa.

Mkalishe mwisho wa dawati, upande wake wa kushoto, kiwiko kipate nafasi bila kugongana na jirani. Daftari lisikae katikati ya kifua. Lisogee kushoto, kisha lilazwe hadi kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia, nyuzi 30 hadi 45. Penseli aishike sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha, juu kidogo kuliko wenzake, aone anachoandika. Kiganja kikae chini ya mstari.

Ndoano mara nyingi huletwa na mwalimu mwenyewe. Anapita, anaona daftari limelala, analinyoosha. Sasa kiganja kinakanyaga maneno yaliyoandikwa punde, na mtoto anapinda mkono juu ya mstari ili aone na asifute wino. Halafu anapigwa kwa uchafu.

Jambo jingine ambalo halionwi: herufi ya kuigiza huandikwa pembeni kushoto, na mkono wa mashoto unaifunika. Mwandikie tena pembeni kulia. Kalamu kwake inasukumwa badala ya kuvutwa, kwa hiyo ncha kali inachana karatasi. Mpe penseli laini, 2B inafaa. Kuchanganya b na d ni umri, si mkono.

Baba ni mashoto, amepata kiharusi, kapooza upande wa kulia na hasemi. Tuliambiwa lugha ya mashoto iko ubongo wa kulia. Mbona sauti imeondoka? (Ukerewe)

Pole sana. Mliambiwa kinyume. Njia za neva za kuendesha viungo huvuka chini ya ubongo, kwa hiyo kupooza kulia maana yake ni madhara upande wa kushoto, na lugha ya mashoto wengi, kama 70 kwa 100, iko hukohuko kushoto. Kwa watu wa kulia ni kama 95.

Msimpigie kelele, si kiziwi. Zima redio, sema sentensi fupi, uliza jambo moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, kisha subiri. Msimpe daftari mkitegemea ataandika kwa sababu mkono wa kushoto ni mzima: lugha ikiumia, kuandika nako huumia. Na kabla ya uji, apimwe kumeza. Ukipita njia ya hewa unaleta nimonia.

Kwa wengine mnaosoma: kiharusi cha upande wa kulia kinaweza kuacha maneno salama, lakini mgonjwa akala nusu ya kulia ya sahani tu na kulalamika chakula kimeisha. Hana kiburi, upande wa kushoto haupo kwake. Mgeuzieni sahani. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, msiite upepo mbaya na kusubiri asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Aliye kisiwani anajua kivuko kinakula ngapi kati ya hizo.

Mwanangu wa miezi minane anashika vitu kwa kulia tu. Tunafurahi, ana adabu mapema. (Buswelu)

Msifurahi, mpelekeni akapimwe wiki hii. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote. Akitumia mmoja tu, swali ni huo mwingine una nini: inaweza kuwa mtindio wa ubongo. Angalia kama ngumi ya kushoto imefumba na gumba liko ndani, au mguu huo unaburuzwa akitambaa. Mazoezi ya viungo yakianza mapema husaidia.

Kwa nini mabondia mashoto wanasumbua? (Kirumba)

Uchache wao. Wewe umezoea ngumi za upande mwingine. Ziwa Tanganyika kuna samaki anayekula magamba ya wenzake. Wenye mdomo uliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, waliopinda kushoto ubavu wa kulia. Kundi moja likizidi, windo linajifunza kulinda ubavu huo, na wale wachache ndio wanaoshiba.

Mwanafunzi wangu wa cherehani ni mashoto, mkasi mkali lakini kwake unatafuna kitambaa. Mvivu? (Fundi, Pamba)

Mkasi wa kawaida umeundwa ili gumba la kulia liyabane makali pamoja. Mkono wa kushoto ukibana, unayatenganisha. Kitambaa kinajikunja katikati, na kisu cha juu kinamfichia mstari wa chaki. Anahitaji mkasi wa mashoto halisi: uelekeze ncha mbele yako, kisu cha juu kiwe kushoto. Ile yenye mpini wa plastiki "wa mikono yote" imebadilisha mpini tu. Kwa sasa kaza skrubu robo mzunguko, usizidishe, utasaga makali.