Kodi ya ICD-10 kwa mguu unaouma: kwa nini madai yanarudi

Mkuu umeuliza inakuwaje madai ya bima ya wagonjwa wa miguu yanarudi kila mwezi na wakati kodi umeitoa gugo na ipo kabisa, M79.671. (Kodi ya ugonjwa naongelea, ile namba kutoka ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Ile nyingine waulize watu wa mapato, TRA.) Mimi nipo dawati la madai kwenye kituo kimoja binafsi hapa Dodoma mwaka wa saba huu na nakwambia ukweli miguu imenitesa kuliko malaria.

Kwanza hiyo uliyotoa gugo ni ya Wamarekani. Wao wamechukua ICD-10 ya WHO wakairefusha, ile namba ya mwisho ni ya upande, 1 kulia, 2 kushoto, 3 upande haujatajwa, kwa hiyo 671 ni wayo wa kulia. Kwenye orodha ya WHO yenyewe unakuta M79.6, maumivu ya kiungo, ukiongeza 7 mwishoni, M79.67, ndo kifundo na wayo, basi. Mfumo wetu sisi ukiuwekea hiyo ndefu unaitema hapohapo. Angalia wa kwenu unakubali ipi ndo uje ulaumu bima.

Ila hilo dogo. Kubwa ni Kiswahili chetu, maana mguu kwetu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha! Mgonjwa anasema mguu unauma, daktari ana foleni mpaka nje, anaandika kizungu chake "foot pain", yaani wayo unauma, na wewe unapiga kodi ya wayo, kumbe mtu wa watu anaumwa goti.

Kuna mama anauza nyanya Majengo sokoni alikuja kwetu mara tatu, zote tatu tumemwandikia maumivu ya mguu, ya tatu na eksirei juu. Madai yakarudi, wanauliza eksirei ya nini. Aliporudi akamkuta tabibu mgeni, kijana tu, akamwambia mama vua ndala hiyo nionyeshe kwa kidole kimoja. Akaweka kidole chini ya kisigino, kwa ndani kidogo. "Nikishuka kitandani asubuhi nashika ukuta mwanangu, nikitembeatembea unaachia, jioni nikishasimama kutwa unarudi." Yule kijana hakuuliza zaidi, akaandika planta fasaitisi, yaani utando wa chini ya wayo ndo unauma, M72.2. Hiyo kodi ni ileile kwa WHO na kwa Wamarekani. Eksirei ilikuwa imeonyesha mwiba wa mfupa kisiginoni, nao una kodi yake M77.3, ila mwiba hata asiyeumwa anaweza kuwa nao, usikimbilie kuuandika kwa sababu tu umeonekana kwenye picha.

Yaani M79.6 ni dalili, ya kuandika pale chanzo bado hakijulikani. Kikijulikana andika chanzo. Kidole gumba kimevimba chekundu usiku wa manane baada ya wikiendi ya nyama choma na daktari kasema gauti (jongo), hiyo M10. Kucha imeingia nyamani L60.0. Fangasi za katikati ya vidole B35.3. Kateguka au kaangukiwa na tofali, nenda S90 mpaka S99, huko ndo kwenye majeraha ya kifundo na wayo.

Wa sukari sasa, hapa mimi huwa mkali. Anayesema nyayo zinawaka moto au zimekufa ganzi, daktari akathibitisha ni neva kwa sababu ya sukari aina ya pili, ni E11.4 halafu G63.2, na hiyo G haisimami peke yake. Tulikuwa na mzee anatokea vijijini Chamwino, faili lake kurasa na kurasa maumivu ya mguu, maumivu ya mguu, neno sukari halipo popote mpaka siku nesi anamfungua soksi anakuta kidonda chini ya wayo ambacho mzee mwenyewe hakuwa anakisikia. Mpaka leo nikiona M79 kwenye faili la mtu mzima nalifungua tena.

Kwa hiyo kabla hujatuma ya mwezi huu chambua M79 zote uziweke pembeni, yale mafaili yarudishe kwa daktari aandike upya alichokiona. Usijibadilishie kodi mwenyewe hata kama una uhakika asilimia mia, faili likisema vingine huo ni udanganyifu na utakamatwa wewe siyo daktari. Zilizorudi lete tatu nne hapa, futa majina, tuziangalie.