Futa hiyo MANGI kabla haijakugharimu mbuzi

Mkuu, weka peni chini kwanza. Umeeleza kwamba uko Sakina, Arusha, kwamba katika jedwali lako la maneno ya mafumbo umebanwa na kidokezo cha 9 Mlalo kisemacho "Mfalme kajificha kwenye nyasi mbaya (5)", kwamba kwa Wachagga mfalme ni mangi, kwamba neno mangi lina herufi tano, na kwamba kwa hiyo unaliandika kwa wino ili uendelee na mengine.  Mimi nilipofika kwenye neno "wino" mwili ulinisisimka, kwa sababu Desemba ya mwaka juzi, pale Moshi, nilifanya jambo hilo hilo nikampoteza beberu mzima kwa herufi moja.

Nianze na fumbo lako, usije ukasema nimekuja kulia yangu tu. Kidokezo cha namna hii kina pande mbili. Upande mmoja ni maana ya kawaida ya jibu, nao hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe haukai katikati. Upande wa pili ni mchezo wa maneno, ambao hulijenga jibu lile lile kwa njia nyingine: huvuruga herufi, huzificha, huzigeuza, hulikata neno kichwa au mkia, au huunganisha vipande viwili. Kwako "mfalme" ndiyo maana, sawa. Je, "kajificha kwenye nyasi mbaya" umeipa kazi gani? Hujaipa kazi yoyote, umeiacha imekaa tu kama abiria asiye na nauli. Yaandike yale maneno mawili ya mwisho bila nafasi, nyasimbaya, kisha funika kwa kidole herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho. Anayebaki katikati ana manyoya shingoni, na hana duka kama mangi wa mtaani.

Sasa sikia yaliyonipata. Mtaani kwetu yuko mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye kila mwaka, katika wiki ya kuelekea Krismasi, watu wa Dar wakiwa wamekwisha kupanda nyumbani na migombani kumejaa magari, hutunga jedwali moja la mafumbo, akalitoa nakala na kutushindanisha. Mwaka ule zawadi ilikuwa beberu, naye alifungwa kwenye mwarobaini mbele ya macho yetu ili tumwone tunapofikiri. Nilikuwa na uhakika wa kushinda kiasi kwamba ndugu zangu walipopitisha mchango wa shilingi 40,000 kila mtu kwa ajili ya mbuzi wa ukoo, niliwaambia kwa kiburi kwamba mwaka huu mbuzi ni juu yangu, na nikampigia baba mkubwa kule Marangu nikamwambia anoe kisu. Nikanunua na kamba.

Uhakika huo nilipewa na bwana mmoja wa kijiwe cha kahawa karibu na stendi, ambaye ningemtaja hapa kama nisingekuwa mstaarabu. Huyu alisifika kwa kumaliza chemsha bongo za magazetini kabla kahawa haijapoa, na mimi nikamfuata kama mwanafunzi wa madrasa. Somo lake lote lilikuwa moja: "Herufi zikienea na maana ikikaribia, andika, hayo mengine ni mapambo ya mtungaji." Hakuniambia kwamba alizokuwa akizimaliza ni chemsha bongo za kawaida, za ukoo wa ile ya Arthur Wynne iliyotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ambamo maana ndiyo kila kitu. Haya ya mafumbo yalikulia Uingereza katika miaka ya 1920. Kuanzia mwaka 1926 Edward Powys Mathers aliyatunga katika gazeti la The Observer akijiita Torquemada, na baada yake akaja Derrick Macnutt akijiita Ximenes. Majina yote mawili ni ya wakuu wa ile mahakama ya kanisa kule Hispania iliyokuwa ikiwasaka na kuwatesa wazushi, kwa hiyo mtu asiseme hatukuonywa. Macnutt alishikilia kwamba kidokezo cha haki kina maana sahihi, kina mchezo wa maneno ulio sawa, na hakina kingine chochote. Mwalimu wetu anafuata kanuni hiyo kama amri ya kumi na moja. Yule bwana wa kahawa alinifundisha kwamba hicho "kingine" kimejaa tele na ruksa kukiruka.

Basi, 4 Wima ilisema hivi: "Kichwa cha mlevi juu ya bega, hupanda bila ngazi (5)". Mimi ni mtu wa Moshi. Nikiona mlevi, kichwa, na kitu kinachopanda, hakuna haja ya kukuna kichwa: pombe yetu ya ndizi na ulezi hupanda kichwani bila kuomba ngazi kwa mtu yeyote. Nikaandika MBEGE, kwa wino, huku natabasamu. Nilimwona kabisa yule mlevi ameegemea bega la mwenzake. Hilo bega sikulipa kazi. Nililiona ni pambo.

Hebu ifungue pole pole pamoja nami, maana hapa ndipo mbuzi alipokatika kamba. Kichwa cha neno "mlevi" ni herufi M. Jibu ni la wima, yaani linasomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo "juu ya bega" haina ujanja wowote: weka M, na chini yake weka BEGA. Umepata mbega, yule kima mweusi na mweupe mnayemwona hapo kwenu katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambaye hupanda miti siku nzima bila ngazi na bila hata kidole gumba cha maana. Angalia pia mtego ulivyofichwa katika "hupanda". Angeandika "anapanda", ningejua anamsema kiumbe. Angeandika "inapanda", ningekuwa na haki ya kufikiria pombe. Hiyo "hu-" haimtaji mtendaji, na mtungaji mzuri wa Kiswahili hujificha nyuma yake mchana kweupe.

Tofauti ya MBEGE na MBEGA ni herufi ya mwisho tu, na labda unadhani neno linalokatiza hapo lingenishtua. Ndilo lililonimaliza. 11 Mlalo ilipita katika kisanduku kile kile, ikisema: "Lima ovyo upate cha kupakia bandarini (4)". Nilikuwa na E katika nafasi ya pili. Bandari, kupakia, E: nikaandika MELI, nikajipongeza. Sikujiuliza kwa nini mtu alime ovyo ili apate meli. Neno "ovyo" ni ishara ya kuvuruga herufi, na herufi za "lima" ukizivuruga hupati E hata ukesha nazo; utapata mila, utapata lami, na utapata MALI, ambayo ndiyo hupakiwa bandarini, kwa kuwa meli haipakiwi ndani ya meli. Kwa hiyo nikawa na majibu mawili ya uongo yanayokutana katika kisanduku kimoja, kila moja likilitolea mwenzake ushahidi, kama wezi wawili waliopatana maneno kabla ya kufika polisi. Jedwali langu lilijaa lote, halikuwa na pengo wala neno la ajabu, na nilikuwa wa kwanza kukabidhi.

Mwalimu alilipokea, akalipitisha macho, akachukua peni nyekundu na kuzungushia duara kisanduku kimoja tu. Hakusema neno. Mbuzi akachukuliwa na binti wa kidato cha pili aliyejaza jedwali lake lote kwa penseli, huku kifutio kimefungwa kwa uzi kwenye kidole chake. Tarehe 24 bei ya mbuzi ilikuwa haishikiki, ndugu walikwisha kugawana nyama yao, na mimi na baba mkubwa na kisu chake kikali tulikula kiburu, yaani ndizi na maharage, kwa heshima kubwa. Ile kamba ninayo, ni imara sana, naanikia nguo.

Tangu hapo sijazi kisanduku kabla ya kuchukua penseli na kupiga mstari chini ya kila neno la kidokezo, nikilitajia kazi yake kwa sauti: hili ni maana, hili ni ishara ya kuvuruga, hili ndilo linalovurugwa. Likibaki neno hata moja lisilo na kazi, jibu langu ni la uongo, hata kama limeenea kama soli kwenye kiatu. Wapo watakaokuambia kwamba vidokezo vya maana mbili havimo katika sheria hii. Wamo pia wanaokunywa kahawa karibu na stendi. Chukua "Mnyama juu ya nyumba (3)": mnyama ni paa, na kilicho juu ya nyumba ni paa, maneno yamekwisha na hakuna lililozurura.

Kwa hiyo futa MANGI. Kama wino umekwisha kukauka, bandika kipande cha karatasi juu yake, kisha kagua kila neno la wima linalokatiza herufi zile tano, na lolote ulilolikubali kwa sababu tu ya A au G ya huyo mangi wako, ling'oe leo leo.