Feni za taa kwenye kompyuta: maswali yenu ya kaskazi

Joto la kaskazi limeingia, na maswali yameingia nalo. Safari hii mengi yanahusu feni za taa, zile zinazofungwa ndani ya kompyuta ya mezani na kuwaka rangi kama harusi. Nazipenda. Nimewafungia vijana wengi, na najua uso wa mtu unavyokunjuka anapowasha kwa mara ya kwanza mashine aliyoiunga kwa mkono wake. Kwa hiyo nimejibu kwa kirefu pale penye pesa za watu, na kwa ufupi penginepo.

Shikamoo fundi. Nimeona pakiti ya feni tatu za rangi inauzwa kwa bei ya feni moja ya kampuni yenye jina. Sanduku limeandikwa RPM 1,200 na ARGB, basi. Nitajuaje kama zinafaa? Mwanafunzi, Kisauni.

Marahaba mwanangu. Tazama kwanza yale ambayo sanduku halikuyaandika. ARGB ni aina ya taa tu, nitaieleza katika jibu linalofuata. RPM ni mizunguko kwa dakika, na mizunguko peke yake haikuambii upepo kiasi gani unatoka, kwa sababu mapanga ya feni hutofautiana upana na mpindo. Tafuta tarakimu tatu. Ya kwanza ni CFM, futi za ujazo za hewa zinazopita kwa dakika. Feni ya milimita 120 inayojiweza mara nyingi huwa baina ya 40 na 70. Ya pili ni mmH2O, nguvu ya feni ya kuisukuma hewa penye kizuizi. Ya tatu ni dBA, ukali wa sauti. Aliyeipima feni yake huziandika zote tatu. Aliyeandika rangi peke yake anakuuzia rangi.

Ile ya pili ndiyo wanunuzi wengi huipita bila kuitazama. Washa feni ya mezani nyumbani, kisha tundika leso mbele yake: mapanga bado yanazunguka vilevile, lakini upepo unakufa palepale. Ndani ya kompyuta leso hiyo ni chujio la vumbi, ni rejeta ya maji, ile ya kupoza mashine kwa maji, ikiwa unayo, na zaidi ya yote ni kile kioo kizima cha mbele. Makasha mengi ya kisasa yamezibwa mbele kwa kioo ili taa zionekane vizuri, na hewa imeachiwa mwanya mwembamba ubavuni. Feni dhaifu hapo huhangaika bure. Kabla hujauliza feni gani, litazame kasha lako; likiwa na wavu mbele badala ya kioo, hata feni ya wastani itakufaa.

Halafu hesabu pini za plagi ya mota. Nne ni bora kuliko tatu. Pini ya nne hupokea amri kutoka kwenye bodi mama, ile bodi kubwa inayounganisha sehemu zote za kompyuta, feni ikaenda polepole mashine inapopumzika na kukaza mwendo inapofanya kazi. Feni ya pini tatu nayo hupunguzwa mwendo, lakini kwa kushusha volti, na si kila bodi hufanya hivyo vizuri. Faida yake utaisikia kwa masikio. Ukiishusha feni kutoka mizunguko 1,500 hadi 1,000, upepo unapungua kwa thuluthi moja tu, ilhali sauti inashuka karibu desibeli 9, na sikio la binadamu husikia tofauti hiyo kama kelele imekatwa nusu. Chumba kimoja, mtoto amelala, wewe una kazi ya chuo usiku: tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mwisho, mwombe muuzaji akuwashie. Si taa pekee, feni iende mwendo wake wote. Isogeze sikioni. Ikikwaruza ikiwa mpya, irudishe hapohapo mezani. Izime, kisha itikise kidogo kitovu chake kwa kidole. Kikicheza huku na huku, beringi yake, sehemu inayoshika mhimili wa mapanga, ni hafifu. Tazama pia pete ya taa. Feni nyingine zimepewa pete nene sana kuzunguka fremu, na nafasi iliyoliwa na pete imepunguzwa kwenye mapanga.

Ushauri wangu kwa pesa yako: iache pakiti ile. Nunua feni mbili nzuri zenye taa, zikae mbele zinapoonekana, na ya nyuma iwe nyeusi ya kawaida isiyo na taa, ila yenye tarakimu nzuri. Ya nyuma hakuna anayeitazama. Noctua ya Austria imejijengea jina duniani kwa feni zisizo na taa hata moja, tena za rangi ya maziwa na kahawia, na watu huzinunua kwa sababu ya upepo na utulivu wake.

Fundi, nilichomeka waya wa taa kwenye bodi mama. Zikawaka sekunde moja, zikafa, pakanuka kuungua. Feni bado inazunguka. Nimekosea wapi? Likoni.

Pole sana ndugu yangu. Umezipa taa za volti 5 umeme wa volti 12. Kosa hili naliona kuliko jingine lolote katika kazi hii, na linauma kwa sababu hakuna tengenezo lake la maana. Taa zilizoungua zimekwenda. Feni inazunguka kwa kuwa mota ina waya wake mbali, na mota ndiyo inayotaka volti 12.

Majina ndiyo yanayowapoteza watu. RGB ya kawaida ina pini 4 na hutumia volti 12. Taa zote za feni hubadilika rangi kwa pamoja. ARGB, yenye ile A mbele, ina pini 3 na pengo pale ambapo ingekaa ya nne, na hutumia volti 5. Katika ARGB kila taa ina kijichipu chake ndani kinachopokea amri, ndiyo sababu rangi zinaweza kukimbizana kama mawimbi. Kijichipu hicho hakivumilii volti 12 hata kwa kupepesa jicho. Pengo la plagi limewekwa makusudi ili lizuie kosa, lakini plagi laini ikilazimishwa huingia, na waya za kuunganishia za bei ya chini huwa hazina kinga hiyo.

Siku nyingine, zima kabisa na uchomoe waya wa ukutani. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi mama pembeni ya pini: 5V au 12V. Kwenye plagi ya ARGB pana mshale mdogo, nao lazima uelekee pini iliyoandikwa 5V. Usipoona vizuri, washa tochi ya simu. Plagi ikikataa kuingia, usiisukume.

Na usirundike feni zote kwenye soketi moja. Soketi ya mota kwa kawaida huhimili ampea 1, na ya taa za volti 5 kwenye bodi nyingi ni ampea 3. Kijitaa kimoja kikiwaka cheupe kamili kinaweza kuvuta hadi miliampea 60. Feni yenye vijitaa 16 hukaribia ampea nzima. Zaidi ya feni tatu, nunua kisanduku cha kugawia chenye waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kumbuka pia kwamba Corsair na Lian Li wana feni zenye mifumo yao wenyewe ya kuunganisha, na plagi zake haziingiliani na za wengine. Ukianza na kampuni moja ya aina hiyo, panga kumaliza nayo.

Hujambo fundi. Mwanangu anataka feni sita za taa. Mimi ndiye ninayenunua tokeni. Stima itapanda? Mama wa Tudor.

Sijambo mama. Itapanda kidogo sana. Chukulia kila feni inakula wati 5, mota na taa pamoja. Sita ni wati 30. Akicheza saa 5 kila siku, mwezi mzima ni yuniti 4.5. Feni moja ya dari hapo sebuleni inakula wati nyingi kuliko zote sita zikiwekwa pamoja. Mlaji halisi ndani ya kompyuta ya michezo ni kadi ya michoro, ambayo peke yake inaweza kufika wati 200 na zaidi. Ukitaka kubana stima, zungumza naye kuhusu saa za kucheza.

Ila muulize kwa nini sita. Akikujibu kwa hesabu, mnunulie kwa moyo mkunjufu, maana amejifunza kitu. Hesabu yenyewe nimeiweka katika jibu la Mji wa Kale hapa chini. Mwambie aisome kabla hamjatoka kwenda dukani.

Naishi Nyali, nyumba inatazama bahari. Kila feni ninayoweka huanza kukwaruza kabla ya mwaka na nusu. Nina bahati mbaya?

La, una hewa ya chumvi. Sisi wa pwani tunanunua vitu vilivyojaribiwa kwenye vyumba vikavu. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, unyevu unazishikisha kwenye vumbi, na tope hilo jembamba hukaa juu ya mapanga na kwenye pini za chuma. Mapanga yakilemewa upande mmoja, feni hutetemeka, na mtetemo ndio unaoila beringi.

Kwa hiyo kwako wewe swali la kwanza dukani ni beringi. Ya bei ya chini ni bomba tupu lenye mafuta, kwa maandishi ya sandukuni SLEEVE. Joto hukausha mafuta yake, na ikilazwa juu ya dari la kasha huchakaa haraka zaidi kuliko ikisimama. Inayofuata ni ile ambayo mafuta yake yamefungiwa na huzungushwa na mifereji iliyochongwa, yaani FDB. Imetulia na inadumu. Ya gololi nayo inastahimili joto vizuri, ingawa huwa na sauti zaidi. Kwa nyumba inayotazama bahari ningenunua FDB na nisingejutia nyongeza ya bei. Ukiona sanduku linajisifu kwa maelfu ya saa za kudumu, tazama saa hizo zilipimwa kwenye joto gani. Kipimo cha nyuzi 25 hakikuhusu wewe.

Safisha kila mwezi, si kila mwaka. Brashi laini ya kupakia rangi inatosha. Ukitumia kipulizio, yashike mapanga kwa kidole yasizunguke, maana upepo mkali huyazungusha kupita mwendo yaliyotengenezewa na beringi huumia. Na kasha lisikae chini ya dirisha la upande wa bahari. Lihamishe hata ukuta wa pili, chumvi hupungua.

Nimepata feni, sasa niweke ngapi na zitazame wapi? Mji wa Kale.

Wewe jibu unaishi ndani yake. Wazee waliojenga nyumba za mawe hapo Mji wa Kale walijua kwamba upepo hauingii chumba ambacho haupati pa kutokea. Kasha nalo ni hivyo hivyo. Feni za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma itoe, na ya juu ukiwa nayo itoe pia. Hewa hutoka upande ule wenye fito za fremu na karatasi ya maandishi. Ukiwa na shaka, iwashe na uiwekee kipande cha tishu. Tishu ikinaswa, upande huo unavuta.

Zinazoingiza zizidi kidogo zinazotoa. Hapo hewa hutokea kwenye mianya midogo, na vumbi halivutwi kupitia humo. Linaingia kupitia chujio peke yake, ambalo unalifua.

Sasa hesabu ya idadi. Mashine inayotoa joto la wati 300, ikipitishiwa hewa ya CFM 50 kwa hakika, hewa hiyo hutoka ikiwa imepanda joto kama nyuzi 10. Ongeza hewa mara mbili, iwe CFM 100: itapanda nyuzi 5. Ongeza mara mbili tena: nyuzi mbili na nusu. Unaona faida inavyokonda. Feni mbili mbele na moja nyuma zinamtosha mtu wa kawaida, na za nne, tano na sita ni za kupendeza macho zaidi. Na hakuna feni inayoweza kuishusha mashine chini ya joto la chumba. Kaskazi ikiwa kali, chumba kikafika nyuzi 33, hesabu yote inaanzia hapo. Kufungua dirisha la pili wakati mwingine kunashinda kununua feni ya nne.

Jambo moja la urembo, ikiwa kasha lako lina kioo ubavuni: feni inayovuta hewa ndani hukuonyesha mgongo wake, fito na waya. Siku hizi zipo feni zilizogeuzwa mapanga, zinavuta huku uso wenye taa ukikutazama. Ni nzuri kweli. Linganisha tu tarakimu zake na zile za kawaida za kampuni hiyohiyo, maana mara nyingine upepo umepungua.

Ni kweli rangi ya buluu inapoza kuliko nyekundu?

Si kweli. Chagua unayoipenda.

Nalala chumba kimoja na ndugu zangu wawili. Nikizima kompyuta, taa za feni zinabaki zikiwaka usiku kucha. Changamwe.

Bodi mama hubakiza volti 5 kidogo hata mashine ikizimwa, na taa zinakula hapo. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi mama unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka, tafuta kipengele kinachoitwa ErP na ukiwashe. Kwenye bodi nyingi taa zitazimika pamoja na mashine. Bodi nyingine zina kipengele cha taa peke yake, nacho unakizima. Vyote vikikosekana, bonyeza swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai kabla hujapanda kitandani, baada ya kompyuta kuzima kabisa.