Simu imejaa, mzigo kauza jirani

Mwangaluka! Juzi dada mmoja anayeuza vitenge Musoma kaniandikia: "Kaka, simu kila saa inaniambia hifadhi imejaa, ninunue nyingine?" Dada yangu, usinunue. Ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa la Mwanza, na magunia 14 ya dagaa wa Ukerewe, wakavu, hawana mchanga hata chembe. Mteja wa Kongo akataka video auone mzigo, atume hela saa hiyo hiyo. Nafungua kamera, imegoma. Hifadhi imejaa. Nikaanza kufuta, vidole vina magamba, kioo hakisikii: picha za asubuhi njema, video za kwaya, mialiko ya harusi za watu nisiowajua. Nilipopata nafasi ya picha tatu, jirani yangu alikuwa ameshatuma video na ameshalipwa. Magunia yangu yalilala pale siku tatu. Mpaka leo akinisalimia anacheka. Naitikia, lakini moyoni bado.

Kwa hasira nikaenda kwa fundi mjini. Akasema ni virusi, ifomatiwe. Nikakubali! Simu ikarudi tupu kama siku ya kununuliwa, na orodha yangu ya madeni ikapotea, maana niliiandika humo humo bila nakala. Niliokuwa nawadai walisahau upesi ajabu.

Virusi gani? Kosa ni langu. Niliiacha WhatsApp ipakue yenyewe kila kinachotumwa, na magrupu niliyomo yalikuwa 26. Nimezima hiyo, sasa nagusa ninachotaka tu. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi, inakuonyesha grupu gani limekula nafasi na mafaili gani yanazidi MB 5. Anzia hapo. Programu nyingine, ingia kwenye mipangilio ya simu, bonyeza "Futa akiba", yaani mafaili ya muda tu, usiguse "Futa data". Mimi niliwahi kuchanganya, programu ikaniuliza nenosiri kama mgeni. Na picha ulizofuta, kaangalie kwenye pipa la taka, mara nyingi bado zimo na bado zinakula nafasi.

Kuna wanaoshinda wakifunga programu, fyu, fyu, fyu, eti wanapunguza mzigo. Hiyo ni RAM, kitu kingine kabisa. RAM ni meza ya kuuzia, hifadhi ni stoo. Stoo ikijaa, kufagia meza kunasaidia nini? Tena RAM ikibana, Android yenyewe huiondoa programu isiyotumika. Ukiifunga wewe kila dakika, ikifunguliwa inaanza upya na kula chaji.

Mimi nafuta siku za mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti dagaa, mwalo umepoa, nakaa juu ya jiwe na simu yangu. Picha za biashara nahamishia kwenye memori kadi, madeni nanakili kwenye daftari la karatasi. Vijana wenzangu, mnataka wateja wa Lubumbashi na simu mmezijaza vichekesho! Futeni. Nasema tena, futeni kabla mteja hajapiga.

Simu yangu ni ile ile, GB 32, ina ufa kwenye kona. Jana imerekodi magunia 20, video ndefu tu, bila kukwama. Jirani alikuwepo. Nilisogea karibu na meza yake makusudi.