Maswali na majibu: Nani anafaa kuwa kachero?

*Nimemaliza kidato cha sita, mwili ninao na karate naijua. Nafaa kazi ya upelelezi? (Kijana, Wete)*

Karate iweke pembeni, mwanangu. Mkusanya habari kwa watu kazi yake ni kumfanya mwenziwe azungumze. Nenda baraza ya kahawa hapo hapo Wete, ukae saa nzima bila kutia hadithi yako hata moja. Ukirudi nyumbani andika: nani kasema nini, nani kanyamaza ghafla, lipi msemaji kaliona kwa macho yake na lipi kaambiwa. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapoanguka. "Nimeiona boti" na "wanasema boti imekuja" ni habari mbili. Ukizichanganya, umemdanganya mkuu wako hata kama hukukusudia.

*Mimi mwongo hodari, rafiki zangu wanakiri. Si ndiyo sifa yenyewe? (Mwanakwerekwe)*

Unanikumbusha Juan Pujol, Mhispania wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliwapelekea Wajerumani ripoti za Uingereza huku mwenyewe yuko Lisbon, Ureno, kashika kitabu cha watalii. Akaandika kwamba watu wa Glasgow, mji wa Scotland, watafanya lolote kwa lita moja ya mvinyo! Aliyewahi kufika Glasgow angecheka: kule kinywaji chao ni bia na wiski. Wajerumani waliamini, na mwaka 1944 wakamtunuku nishani yao ya kijeshi, Msalaba wa Chuma, naye kumbe keshahamia kwa Waingereza zamani. Basi jifunze kumkamata mtu wa sampuli yako: muulize jambo lile lile baada ya wiki mbili, kwa mlango mwengine, uone kama hesabu zinakubali.

*Mimi ni mwanamke, tena nachechemea. Kuna nafasi? (Mkoani)*

Virginia Hall, Mmarekani, alikuwa na mguu wa mbao. Aliwafanyia kazi Waingereza Lyon, Ufaransa, mpaka Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamsaka. Novemba 1942 akavuka milima ya Pyrenees kwa miguu, na 1944 akarudi Ufaransa, kajigeuza bibi kizee. Nikusaidie nini zaidi?

*Nachelea nitatumwa kuwaandika majirani kwa siasa zao. (Chake Chake)*

Woga wako una maana. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 iliandika wazi kuwa mtu asifuatiliwe kwa sababu tu ya kupinga au kuandamana kihalali. Isome kabla hujaomba kazi.

*Mume wangu anarudi usiku wa manane. Nitumie mbinu gani? (Ng'ambo)*

Muulize, dada. Mchana, akishakula.