Plasta ya nikotini ukiwa na mimba

Dada, umeuliza kama plasta au bigijii ya nikotini (zile za kumsaidia mtu kuacha sigara) inamdhuru mtoto kuliko sigara yenyewe. Haimdhuru kuliko sigara. Nikotini, ile iliyomo kwenye tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha, si kitu cha kuchezea, lakini moshi ndio unaoleta kaboni monoksaidi, ile gesi inayomnyang'anya mtoto hewa ya oksijeni kwenye damu yako. Plasta haina moshi. Uingereza wajawazito wanaoshindwa kuacha wenyewe huruhusiwa kuitumia.

Mimi niliacha nikiwa na mimba ya miezi minne, hapa Mbagala. Kazi ngumu ilikuwa asubuhi: chai ikishamiminwa tu, vidole vinatafuta pakiti. Nesi wa kliniki, Mungu ambariki, hakunigombeza. Alinionyesha kubandika plasta juu ya mkono, sehemu kavu isiyo na nywele, kesho yake sehemu nyingine. Usiku unaibandua kabla ya kulala, mtoto asipate nikotini saa zote 24. Bigijii nayo usiitafune kama ya dukani. Tafuna taratibu, ukisikia ukali iegeshe shavuni, ukali ukiisha tafuna tena.

Mwili wa mjamzito humaliza nikotini haraka, kwa hiyo hamu ikirudi usidhani umeshindwa. Mwambie daktari apange upya kipimo. Vidonge vya kuachisha sigara, vareniklini na bupropioni, usimeze kwa ushauri wa jirani.

Nenda kliniki wiki hii na useme ukweli unavuta ngapi kwa siku. Usione aibu, mdogo wangu.