EL84 mpya imekufa ndani ya wiki mbili: nitafute ipi madukani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina redio ya mezani ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, niliyoachiwa na babu. Ndani yake kuna valvu za ECH81, EBF89, EABC80, EL84, EZ80 na lile jicho la kijani, EM80. Ilikuwa ikiimba vizuri, kisha sauti ikaanza kupasuka na kukoroma. Jirani akasema EL84 imechoka, nikanunua nyingine kwenye duka la vifaa vya kale. Ilipona kwa siku kumi na kitu, halafu ikarudi kulekule, na usiku mmoja nikaona bamba la ndani ya valvu limekuwa jekundu kama kaa la moto. Sasa nataka kuzunguka maduka mengine. Nimeshaonyeshwa moja imeandikwa 6BQ5 na nyingine UL84, na muuzaji anasema zote ni kitu kimoja. Nichukue ipi, na nitajuaje kwa macho tu kwamba ni nzima?

JIBU: Marahaba. Kwanza chomoa hiyo redio kwenye umeme, na usiiwashe tena ila kwa vipimo nitakavyokueleza hapa chini. Kilichoitesa EL84 ya kwanza na ya pili kingali mle ndani, na ya tatu hakitaionea huruma.

Valvu ndiyo husingiziwa kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo inayochomoka kwa mkono. Mkosaji mara nyingi yuko chini ya chesisi, lile bati linalobeba vifaa vyote. Kati ya EABC80, inayoikuza sauti mara ya kwanza, na EL84, inayoisukuma spika, kuna kapasita ndogo, kwa kawaida ya nanofaradi 10 hadi 22. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za juu za upande wa EABC80 zisifike kwenye gridi ya EL84, yaani wavu wa ndani unaoamua mkondo upite kiasi gani. Siku zile zilitengenezwa kwa karatasi iliyozamishwa kwenye nta au lami, na karatasi hunywa unyevu. Baada ya miaka mingi huanza kuvuja. Si lazima ivuje sana: volti chache tu chanya zikifika kwenye gridi, EL84 hufunguka kuliko ilivyokusudiwa, mkondo unapanda, bamba linapata moto mpaka linakuwa jekundu. Ndicho ulichokiona usiku ule.

Kipimo chake ni rahisi ila kina hatari, maana mle ndani kuna volti 250 na zaidi, na kapasita kubwa za kichujio hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Kama hujawahi kupima kitu chenye volti hizo, mpe fundi. Kama umewahi, bana waya wa maltimita (mita ya kupimia volti na omu) kwa klipu kabla ya kuwasha na usishike kitu: mweusi kwenye chesisi, mwekundu kwenye pini namba 2 ya soketi ya EL84. Ukiitazama soketi kutoka chini, anza kuhesabu kwenye lile pengo pana na fuata mwendo wa saa. Washa, subiri dakika chache ipate joto. Mita inapaswa kusoma sifuri, au hasi kwa baadhi ya redio. Ikipanda kwenda moja, mbili, tano chanya, zima. Chomoa EL84, washa tena kwa muda mfupi tu. Volti zikiwa bado zipo, kapasita inavuja. Zikiwa zimetoweka, valvu yenyewe imeingiwa na gesi.

Nikibashiri, ni kapasita. Weka ya filamu ya thamani ileile, yenye uwezo wa volti 630, na ukishafungua hapo badilisha na za karatasi nyingine utakazozikuta, hazina umri wa kuaminika tena. Pima na transfoma ya spika: valvu ikiwaka nyekundu kwa muda mrefu, waya mwembamba wa upande wa kwanza wa transfoma ndio unaobeba mzigo, na hukatika.

Halafu rudisha ile EL84 uliyodhani imekufa. Ndiyo, ileile. Pima volti kati ya pini namba 3, yaani kathodi, sehemu ya valvu inayotoa mkondo, na chesisi, kisha gawa kwa omu za rezista iliyopo hapo. Jedwali la kiwanda kwa volti 250 linatoa rezista ya omu 135 na volti 7.3, yaani jumla ya miliampea 54 hivi. Redio yako inaweza kuwa na rezista kubwa zaidi na mkondo mdogo zaidi, hakuna ubaya. Ukipata hesabu ya kueleweka na sauti ikatoka safi, hujaua valvu, umeitesa tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nimeshuhudia valvu nyingi nzima zikitupwa jalalani kwa kosa la kapasita.

Sasa tuje madukani, maana naona hamu unayo, na hata mimi sipiti duka la vifaa vya kale nisiingie.

6BQ5 chukua. Hilo ni jina la Kimarekani la EL84, soketi ileile, kazi ileile. Ukikuta imeandikwa 6П14П ni ya Urusi, na CV2975 ni namba ya jeshi la Uingereza, zote zitaingia kwenye redio yako. UL84 iache. Muuzaji huenda si mwongo, 84 ndiyo imemchanganya. Katika majina ya Ulaya herufi ya kwanza inakueleza hita, ule uzi unaoipasha valvu joto: E ni volti 6.3, U ni hita za kufungwa mfuatano kwa miliampea 100, P ni mfuatano wa miliampea 300, D ni za betri. Hita ya UL84 inataka volti 45. Ukiichomeka kwenye redio yako itakaa kimya, giza tupu. Na hata ukiipa hizo volti 45 bado si EL84: ndugu zake UL84 ni PL84 na EL86, ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo usitegemee kanuni ya kubadilisha herufi ya kwanza kila mahali. Inafanya kazi kwa ECH81 na UCH81, ambazo ni valvu moja yenye hita tofauti, hapa haifanyi.

Kwa macho, jambo la kwanza ni kuinyanyua kwenye mwanga. Juu kabisa ya kioo cha EL84 kuna utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariamu, iliyowekwa kiwandani ili imeze gesi iliyobaki baada ya hewa kunyonywa. Hewa ikipenya, utando hugeuka mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiona weupe huo, valvu imekufa, wala usiombe ipimwe. Utando ukiwa wa fedha lakini pembezoni umekuwa wa kahawia na kupungua, imefanya kazi miaka. Ila utando mkubwa hauna maana ya valvu bora, viwanda vilipuliza kila kimoja kwa kipimo chake.

Kisha geuza utazame pini. Hapa ndipo maneno «haijawahi kutumika» huumbuka. Valvu iliyokaa kwenye soketi ina mistari myembamba ya mikwaruzo kwenye kila pini. Mkwaruzo mmoja mmoja ni wa kupimwa, mikwaruzo iliyopandana ni ya maisha ya kuchomekwa na kuchomolewa. Boksi halithibitishi chochote, maboksi mapya huchapishwa.

Niliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia namna hiyo. Jozi ya EL84, maboksi safi, jina la kiwanda cha Ulaya kinachosakwa, herufi nyeupe zinang'aa. Nyumbani nikaipulizia moja pumzi ya mdomo, kama mtu anayefuta miwani, na kwenye ule ukungu, nyuma ya jina jipya, yakajitokeza maandishi ya Kirusi yaliyokuwa yamefutwa. Valvu zenyewe zinaimba mpaka leo. Kilichoghushiwa ni jina, na jina ndilo nililolilipia.

Kwa hiyo usilisugue jina kwa kidole ukidhani unapima uhalali, maana herufi halisi za zamani nazo hufutika kirahisi. Tafuta namba iliyochorwa kwenye kioo chenyewe, chini karibu na pini, rangi ya kijivu hafifu. Viwanda vya kundi la Philips, Mullard ikiwemo, viliweka hapo mistari miwili. Wa kwanza ni wa aina, na kwa EL84 huanza na rX. Wa pili ni wa kiwanda na tarehe: kwa mfano B1C2 ni kiwanda cha Blackburn, Uingereza, mwaka unaoishia na 1, mwezi wa tatu, wiki ya pili. Beba kioo cha kukuzia. Boksi likisema hivi na kioo kikisema vile, amini kioo.

Beba na maltimita. Hita ya EL84 iko kwenye pini 4 na 5, na ikiwa baridi inapaswa kusoma omu moja au mbili. Ikiwaka hufika zaidi ya 8, hivyo usishangae kuiona ndogo. Mita isiposoma kitu, hita imekatika na mazungumzo yameisha. Duka likiwa na mashine ya kupimia, AVO au Hickok, mwombe muuzaji aanze na kipimo cha kuvuja, aiache ipate joto dakika kadhaa, ndipo asome. Mashine za bei rahisi zinazopima utoaji wa kathodi peke yake hukuambia kidogo: valvu inaweza kufaulu pale na bado ikazembea ndani ya redio.

ECH81, EBF89 na EABC80 usinunue za akiba kwa hofu, hukaa sana. EM80 ndiyo ya kuwa mwangalifu nayo, kwa sababu rangi yake ya kijani hufifia kadiri inavyowaka na hakuna mkwaruzo wala utando utakaokuonyesha hilo. Nunua iliyowashwa mbele yako tu.

Na macho yakihamia kwenye redio nzima iliyo kwenye rafu, tazama valvu zake kwanza. Zikiwa UCH81, UBF89, UY85 na wenzao, mara nyingi haina transfoma ya umeme na chesisi yake imeungana moja kwa moja na waya wa ukutani. Hiyo haiguswi bila transfoma ya kutenganisha. Vifaa vya kijeshi vyenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani usivifungue wala kuvikwangua, mara nyingi rangi hiyo ni radiamu, yenye mionzi ya hatari. Valvu kubwa yenye matone ya zebaki yanayotembea ndani, kama 866A, iache rafuni hata ukipewa bure.

Ukimaliza kipimo cha pini namba 2, niandikie mita ilisoma ngapi, EL84 ikiwa imechomekwa na ikiwa imetolewa. Ile 6BQ5 kaiangalie utando na pini, zikikuridhisha ichukue iwe akiba. UL84 mwachie mwenyewe.